MREJESHO: Homa na sindano za Kichina, Guangzhou

Asanteni nyote. Niliuliza kama mafua na homa ya 38.5 yanatibika kwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Mlionisisitiza nipime malaria kwanza, Mungu awabariki; nimetoka Tanga majuzi tu. Haikuonekana.

Daktari wa tiba asilia alitazama ulimi, akashika mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu na huu, akasema ni "upepo wa joto", ndivyo tiba yao inavyoita mafua yenye homa ya namna hii. Akanichoma sindano. Ile ya Hegu, jina la sehemu mojawapo ya kuchoma, huchomwa kwenye nyama kati ya gumba na kidole cha shahada. Haiumi sana, unasikia uzito unapanda mkononi. Pua ilizibuka nikiwa bado nimelala pale. Homa ilishuka siku ya tatu, ingawa mafua huisha yenyewe pia.

Dada uliyeuliza itakuwaje ukiwa mjamzito: Hegu huepukwa, mwambie daktari mapema.