Mjadala: Kibali cha fremu moja na kibao cha barafu kiishie serikali ya mtaa

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hoja hii nimeibeba miezi mingi, na naomba tuijadili kwa utulivu maana inamgusa karibu kila mwenye kiwanja mjini. Nasema hivi: kazi ndogo za nyumbani, yaani fremu moja (chumba cha duka) mbele ya nyumba, banda la kuku, jiko la nje, kibao cha kuonyesha kwamba hapa kuna fundi cherehani, kibali chake kiombwe serikali ya mtaa na kimalizikie hapo hapo. Karatasi moja, ada moja iliyobandikwa ukutani kila mtu aione. Mhandisi wa manispaa tumwachie maghorofa.

Ilivyo sasa, ukitaka kujenga mjini unatakiwa kibali cha halmashauri, uwe unajenga ghorofa nane au chumba cha futi kumi kwa kumi. Unapeleka ramani, unapeleka uthibitisho wa umiliki, faili linazunguka ardhi, mipango miji, afya na uhandisi. Kwa ghorofa nane naelewa kabisa. Kwa chumba cha kuuzia barafu, sielewi.

Mama yangu anaishi Dar kwenye nyumba waliyoijenga na marehemu baba miaka ya tisini. Ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Hati hana, kama walivyo maelfu wa mitaa isiyopimwa. Tukataka kumjengea fremu auzie barafu za ukwaju na ubuyu, maji baridi, na vitumbua asubuhi. Nilikwenda kuomba kibali kabla ya kununua hata tofali moja, na hili nalisema mapema kwa sababu najua kuna atakayeuliza. Dirishani nikaambiwa bila hati au leseni ya makazi faili halipokelewi. Nikauliza, kwa hiyo tusijenge? Yule dada akashusha sauti: "Wenzako wanajenga tu."

Tukajenga. Lori la mchanga halijamaliza kushusha, mgambo wawili wamefika. Hawakusema simamisha. Wakaangalia, wakaandika kwenye daftari, wakaenda zao. Ukuta ukapanda, lenta ikamwagwa, tukapaua, tukapiga plasta. Plasta inakauka, ndipo wakarudi na kopo la rangi nyekundu, wakachora X, alama ya kubomolewa. Ile X ilianzia usawa wa dirisha ikashuka hadi karibu na msingi, na rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika mpaka chini. Mama aliisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya kufulia hadi vidole vikababuka. Tumeshapaka rangi mara mbili juu yake. Jua la saa kumi likiupiga ukuta, ukisimama barabarani bado unaiona.

Tulilipa faini, yenye risiti. Kabla ya hiyo kulikuwa na malipo mengine yasiyo na risiti.

Kinachoniuma zaidi ni ile ziara ya kwanza. Kama fremu ilikuwa kosa, siku ya mchanga ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Tungepoteza lori moja la mchanga tu. Walisubiri hadi akiba yote ya mama imeingia ukutani, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi tena kusema "basi, naacha". Analipa chochote anachoambiwa. Na utaratibu wetu unaacha mlango huo wazi, kwa sababu hakuna anayewajibika kusema ndiyo au hapana ndani ya siku fulani.

Kibao nacho kilikuja na yake. Kilikuwa kipande cha plaiwudi, futi mbili kwa moja, fundi rangi wa mtaani alikiandika BARAFU ZINAUZWA HAPA kwa herufi za buluu, na pembeni akachora barafu ikidondosha tone. Akaja mtu na futi kamba, akakipima mbele ya wateja, akasema hilo ni bango na lina ada yake. Ada ya mabango ipo kisheria, najua, na mwaka 2017 hata TRA, mamlaka ya mapato, walipewa jukumu la kuikusanya. Lakini pitia mitaa ya Dar uone kuta zilizoandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa herufi za urefu wa mkono mzima, kwa sababu ya matapeli wanaouza nyumba za watu. Sijaona mtu anapima hizo, na asipime, maana mwenye nyumba anajilinda. Mama naye alikuwa anajulisha tu jirani kwamba barafu zipo. Alikishusha siku ile ile.

Kisha leseni ya biashara. Nikaambiwa nilete mkataba wa pango wa eneo la biashara. Nyumba ni ya kwake mwenyewe. Nikaulizwa, basi hati iko wapi? Tukarudi pale pale tulipoanzia.

Sasa tazameni hapa, wakuu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya mama, ile ile isiyo na hati, inakatwa kila mwezi akinunua umeme, na hajawahi kukosa hata mara moja. Yaani wakati wa kukusanya, serikali inaitambua nyumba kwa namba ya mita na inatosha. Wakati wa kutoa kibali, nyumba hiyo hiyo haitambuliki. Naomba mtu anieleze kwa nini mita ya umeme isiwe uthibitisho wa kutosha kwa fremu ya futi kumi.

Na msiniambie karatasi moja haiwezekani. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Vilikuwa na kasoro zake, mojawapo watu walilazimishwa kununua kama tiketi. Ila mama lishe alijua bei ni ipi na akishalipa hasumbuliwi kwa ushuru wa kila siku. Kwenye ujenzi mdogo hatuna hata mwanzo wa namna hiyo.

Karibuni.

Mchangiaji, fundi ujenzi, Mwanza

Mkuu, mpe mama pole. Mimi ni mwaka wa 19 kwenye zege, na nusu ya hoja yako naiunga mkono. Nusu nyingine inaniogopesha.

Unasema ghorofa zibaki kwa mhandisi. Sawa. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapo Dar liliporomoka, likaua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine likaporomoka Kariakoo. Hayo yote yalikuwa katikati ya jiji, karibu na ofisi zote. Kwa hiyo hata hao wahandisi unaowaachia maghorofa, tuulizane wanayafikia saa ngapi.

Lakini "kidogo" nacho kinaua. Huku kwetu watu wamejenga mlimani juu ya mawe. Mtu anasimamisha ukuta wa kuzuia udongo, tofali za inchi tano, hakuna nguzo, hakuna matundu ya kutolea maji. Kiangazi unapendeza. Mvua ikija, udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, unasukuma. Mwaka juzi niliitwa kuangalia ukuta wa hivyo, nikaweka kiganja, nikausikia unatoa ubaridi wa maji yaliyojaa nyuma yake, na ulikuwa umeshaegemea kama vidole vinne. Chini yake kulikuwa na chumba wanacholala watoto wa jirani. Tuliwahamisha jioni ile. Ukuta ulianguka baada ya siku tatu.

Huo kwa hesabu yako ungekuwa kazi ndogo, mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri. Mwenyekiti anajua nini kuhusu udongo? Shimo la choo vilevile: ukichimba mita moja kutoka msingi wa jirani, umemchimbia yeye.

Mchangiaji, Arusha

Mleta mada amezungumza kama mwenye biashara. Mimi nazungumza kama jirani.

Ukuta wangu wa chumbani unapakana na karakana ya kuchomelea mageti. Ilianza na kijana mmoja na mashine moja, "biashara ndogo ya nyumbani". Sasa wako sita. Grainda inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wangu ana pumu. Nilikwenda serikali ya mtaa mara nne. Mwenyekiti ni shemeji wa mwenye karakana. Mara ya nne aliniambia niwe na moyo wa ujirani mwema.

Kanuni za kelele zipo tangu 2015, nimezisoma. Aliyenisikiliza mwishowe ni afisa afya wa halmashauri, kwa sababu hana undugu na mtu yeyote mtaani kwetu. Ukishusha madaraka yote mtaani, mimi nitakimbilia wapi? Hilo naomba ulijibu kabla ya mambo ya mita ya umeme.

Mchangiaji, mtumishi wa halmashauri

Sitasema niko halmashauri gani. Alichoeleza mleta mada kinatokea, sitakitetea.

Ila muelewe na upande huu. Idara nzima ina gari moja. Wakaguzi wa majengo tuko wachache kuliko kata tulizonazo, na kila robo mwaka tunaulizwa makusanyo, hatuulizwi tumezuia kuta ngapi zisianguke. Kibali kina ada, faini ina fedha zaidi ya ada. Sihitaji kumalizia. Na mapato hayo ya ndani ndiyo asilimia 10 yake inatolewa kama mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkiondoa ada ndogo ndogo, semeni pengo litazibwa na nini.

Kuhusu hati: mkaguzi akisaini kibali kwenye kiwanja chenye mgogoro, kesho anaitwa mahakamani kama shahidi, au mshitakiwa. Yule dada wa dirishani alikuwa anajilinda. Alikosea kusema "wenzako wanajenga", lakini kukataa faili kulikuwa ni maelekezo aliyopewa.

Mchangiaji, Unguja

Kwa wanaoona Bara kuna masharti: sisi Mji Mkongwe hata kubadilisha dirisha lazima upate ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mlango wa nakshi usiuguse. Mji umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Bibi yangu aliishi na boriti iliyooza akisubiri ruhusa ya kuibadilisha, tukaitegemeza kwa mkaratusi sebuleni. Sisemi masharti yaondoke, mji wenyewe usingekuwepo. Nasema anayeweka sharti aweke na siku ya kujibu.

Mleta mada

Nimesoma yote, na nashukuru.

Fundi, umenibadilisha. Niliandika "kazi ndogo" nikifikiria fedha na ukubwa, wewe umenionyesha nipime kwa kitakachomwangukia mtu. Kwa hiyo naondoa kwenye orodha yangu ukuta wa kuzuia udongo, shimo la choo, na fensi yoyote inayozidi urefu wa mtu. Hivyo viende kwa fundi sanifu wa kata au wa halmashauri, hata kama gharama yake ni ndogo. Fremu ya chumba kimoja isiyobeba kitu juu, kwenye ardhi tambarare, naibakiza.

Dada wa Arusha (nisamehe kama ni kaka), swali lako lilinikosesha usingizi kweli. Sina jibu la shemeji. Ninachoweza kupendekeza ni maombi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo siku 14, majirani wanne wanaopakana wasaini, na mmoja akikataa, suala linatoka mtaani moja kwa moja kwenda kwa afisa afya. Na kibali cha biashara ya nyumbani kiandike idadi ya mashine na saa za kazi. Ikizidi hapo si biashara ya nyumbani tena. Kama bado unaona shimo, lionyeshe, sitaki nikutetee kwa maneno tu.

Mtumishi, asante kwa ukweli, najua umeandika kwa tahadhari. Hoja ya pengo la mapato naikubali kwa nusu. Mama angelipa ada ya kibali siku ya kwanza, kwa furaha, na angeendelea kulipa kila mwaka. Halmashauri ilipata faini mara moja, na yaliyobaki yakaingia mfukoni mwa mtu. Kuhusu kiwanja chenye mgogoro, kibali kiandikwe wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Mkaguzi anasaini kwamba ukuta hautaua, basi. Nani mwenye kiwanja ni kazi ya baraza la ardhi.

Na ndugu wa Unguja umetaja kitu kimoja ambacho nikiambiwa nichague kimoja tu, ndicho nitakachochagua: siku ya kujibu. Siku 21 zikipita kimya, kwa zile kazi tulizokubaliana hazina hatari, kimya kihesabiwe kuwa ni ruhusa, na mgambo akija baadaye na kopo la rangi aonyeshwe nakala ya maombi yenye tarehe.

Mkutano wa wananchi wa mtaa wetu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeshaandika barua kuomba hoja iingie kwenye ajenda, na nakala ya barua imegongwa mhuri wa kupokelewa. Nilimwomba mama aje na kibao chake, watu wakione ukubwa wake. Amesema kiko juu ya pipa la maji, anafunikia, na hataki pipa likae wazi mbu wakaingia. Nitakipima mwenyewe na kwenda na vipimo.