Toki renchi kwa wanaojihudumia pikipiki nyumbani Kigoma: tupeane uzoefu

Mdau wa Mwanga

Habari za jioni wadau. Naandika kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina pikipiki ya cc 125 ya kwendea kazini Mwandiga, na mwisho wa mwezi inanipeleka Kasulu kwa wazazi. Ni mwaka wa tatu sasa sevisi nafanya mwenyewe uani: oili, plagi, cheni, breki.

Kilichonifanya nianzishe mada hii ya toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ni bolti ya kumwagia oili. Kabla sijaanza kujihudumia, kijana wa gereji niliyokuwa naenda alikuwa akiikaza kwa spana namba 17 halafu anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Nilikuwa nasimama pale naona anajali kazi yake. Baadaye nikawa namuiga, bila bomba, lakini kwa nguvu zangu zote. Siku moja nafungua, bolti ikaja laini mno, na ilipotoka ilikuwa imevaa utepe wa alumini unaong'aa, umejisokota kama springi ya kalamu. Zile zilikuwa nyuzi za injini yenyewe, zile za ndani ya tundu zinazoshika bolti. Bolti ni chuma, tumbo la injini ni alumini, na wakishindana anayeumia ni alumini.

Fundi wa kukereza alinipanulia tundu na kuweka nyuzi mpya za koili. Pikipiki ilikaa kwake siku nne. Hela ile ile aliyonitoza ingetosha toki renchi, na ndiyo niliyonunua mwezi uliofuata, inayopima kuanzia Nm 10 hadi 60 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kitabu cha pikipiki yangu kinataka Nm 24 kwa bolti ile. Nikaiseti, nikavuta taratibu, ilipofika namba hiyo ikalia "tik" wakati mkono wangu ulikuwa bado unataka kuendelea sana tu. Nilibaki nimeshika mshikio nikiwaza ni mara ngapi nimezidisha.

Karibuni. Nataka visa vya mtu mwenyewe, uliharibu nini, ulipona vipi.

Boda wa Kibirizi

Mkuu, mimi niliharibu nikiwa nayo mkononi hiyo hiyo toki renchi. Niliazima kwa jamaa wa malori, ile kubwa, kipimo chake kinaanzia Nm 28 kwenda juu hadi 210. Nilikuwa nafunga kava la klachi, zile bolti ndogo za spana namba 8. Nikajiambia nikiiweka chini kabisa itakuwa salama. Bolti ile inataka kama Nm 10. Nikavuta nasubiri ilie, haikulia, nikaongeza kidogo, ikakatika ndani. Kisiki kikabaki kimezama, hakuna pa kushika.

Aliyenitoa ni fundi wa kuchomelea. Alikalisha nati juu ya kisiki, akaichomelea kwa ndani, akasubiri ipoe kidogo, akaizungusha polepole na spana. Ikatoka. Kwa hiyo anayetaka kununua aangalie namba ya chini kwanza, hiyo ya juu haimsaidii. Kwenye boda zetu bolti nyingi zinazoharibika ni ndogo.

Fundi wa Gungu

Nawaheshimu, ila naomba niseme la upande wetu. Miaka kumi na moja nafungua injini na mkono ndio kipimo changu. Spana zimetengenezwa na urefu tofauti kwa sababu: namba 8 ni fupi, namba 17 ni ndefu. Ukitumia spana ya saizi yake bila bomba, na ukashika karibu kwa zile ndogo, huharibu. Aliyekuharibia ndugu yangu wa Mwanga ni bomba.

Jingine, wateja wanaleta pikipiki imetoka Uvinza na vumbi limeshikana na oili kwenye kila bolti. Ukichukua renchi yako ukakaza bolti chafu, italia, na bolti haijashika. Hapo namba imekusaidia nini?

Mstaafu wa reli, Tabora

Nipo Tabora, nimefanya kazi karakana ya reli mpaka nikastaafu. Fundi wa Gungu, hilo la uchafu umesema kweli, na wengi hawalijui. Ukikaza bolti, karibu nusu ya nguvu yako inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na karibu sehemu nyingine nne katika kumi zinaliwa ndani ya nyuzi. Inayobaki kuvuta bolti ili ishike ni kama moja ya kumi tu. Sasa bolti ikiwa na mchanga, msuguano unapanda na ile moja inapungua: renchi inalia, kitu kinalegea. Ukiipaka oili ambapo kitabu hakikusema upake, msuguano unashuka, unavuta bolti kupita kiasi kwa namba ile ile. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunasafisha nyuzi kwa brashi ya waya na kitambaa kikavu kabla ya kugusa renchi. Anayeruka hatua hiyo anapima uchafu.

Lakini kwa silinda hedi, mwanangu, mkono usiuamini. Pale hutafuti nguvu, unatafuta nati nne zilingane. Unakaza kwa msalaba, hii na ya upande wa pili yake, kwanza nusu ya kipimo zote, halafu ndiyo unafika mwisho. Mkono unachoka. Nati ya nne haipati ilichopata ya kwanza, na gasketi inaanza kuvuja upande huo.

Na nyinyi wenye renchi za kulia "tik": ikishalia acha, usivute mara ya pili kuhakikisha. Usiitumie kufungulia bolti iliyokwama. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini, usiiache na springi imebanwa mwezi mzima. Na usiiamini sana chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake. Hiyo ya Nm 60, chini ya 12 usiitegemee. Kwa bolti za Nm 10 tafuta ndogo, ya 5 hadi 25.

Mdau wa Mwanga

Shikamoo mzee. Hilo la sehemu ya tano nilikuwa silijui, na kava la klachi nimelifunga nayo mara mbili kwa Nm 10. Kesho nalikagua.

Mama wa Katonga

Mimi si fundi. Nina dagaa na nina pikipiki mbili za mkataba. Mwaka jana kijana wangu mmoja alikuwa anarudi na abiria, mama mwenye mtoto mgongoni, kwenye mteremko tairi la nyuma likaanza kucheza. Nati ya ekseli ilikuwa imelegea na pini yake ya usalama haikurudishwa baada ya kukaza cheni. Alisimama salama, Mungu ni mwema. Usiku ule sikulala, namfikiria yule mtoto.

Toki renchi sikuweza kununua wakati ule. Mdogo wangu aliyesoma ufundi akaniambia, dada, mizani unayo. Ile ya kuning'iniza, ya kupimia samaki. Tunafanya hivi: spana ndefu inakaa kwenye nati, mizani inanasa kwenye spana sentimita 30 kutoka katikati ya nati, tumepiga alama kwa msumeno. Unavuta mizani pembe mraba na spana mpaka isome kilo 20. Kilo 20 kwa sentimita 30 ni kilo-mita 6, yaani kama Nm 59, na ndiyo kitabu cha pikipiki yetu kinavyotaka kwa ekseli ya nyuma. Kwa bolti ya oili ya Nm 24 tunanasa sentimita 20, tunavuta kilo 12. Mizani ikivutwa mshazari inadanganya, lazima pembe iwe mraba.

Sasa vijana wote wawili kila Jumapili wanakuja kwangu kabla ya hesabu. Nati kwanza, hela baadaye. Pini naiona kwa macho yangu.

Mdau wa Urambo

Dada wa Katonga, nimeiandika hiyo. Kisa changu kifupi: renchi yangu ina namba za pande mbili, upande mmoja Nm, mwingine futi-pauni. Nikasoma 20 ya upande usio wangu kwenye plagi. Futi-pauni 20 ni kama Nm 27, na plagi yangu ni ya milimita 12, inayotaka 15 hadi 20. Plagi ilitoka, ila na nyuzi za hedi nusu. Siku hizi nimebandika utepe mweusi juu ya zile futi-pauni zisionekane. Na plagi naianza kwa vidole mpaka ikae, spana baadaye.

Boda wa Kibirizi

Swali. Nimepata ya kununua, ndogo, iliyotumika. Nitajuaje kama bado inasema kweli? Hapa Kigoma sijasikia pa kupimisha.

Mdau wa Mwanga

Mkuu, mimi niliipima yangu kwa dumu. Kichwa cha renchi unakibana kwenye jiriwa, mshikio ulale sawa na ardhi, halafu unaning'iniza uzito kwenye katikati ya mshikio. Kwangu kutoka katikati ya kichwa hadi hapo ni sentimita 25. Dumu la lita 20 likijaa, pamoja na dumu lenyewe, nikahesabu kilo 21, kwa hiyo nguvu yake ni kama Nm 51. Nikaseti 50. Haikulia. Nikaona nimeuziwa kitu kibovu, nikaanza kuifunga kwenye boksi niirudishe.

Jirani yangu anauza mawese, na dumu nililoazima lilikuwa la kwake, limejaa mawese. Akaniuliza, lita 20 za mawese ni kilo 20 tangu lini? Ni kama kilo 18. Na dumu kilo 19, mara sentimita 25, haifiki Nm 47. Renchi ilikuwa inasema kweli tupu. Tukajaza maji dumu jingine, tukaning'iniza taratibu bila kulidondosha, ikalia. Nikaseti 53, maji yale yale, ikanyamaza. Nikaridhika.

Fundi wa Gungu

Jiriwa ninalo, limefungwa kwenye meza ya chuma, halitikisiki. Jumamosi leteni hizo renchi tuzipime zote, nami nataka kuona mkono wangu unakaza ngapi kwenye bolti ya oili. Nitaikaza kama ninavyokaza siku zote, halafu mtaisoma.

Mama wa Katonga

Nakuja na mizani na vijana wangu wote wawili.

Mdau wa Mwanga

Saa nne asubuhi basi, kabla jua halijakali. Dumu mbili za maji naleta mimi. Anayetaka kumwaga oili pale pale aje na washa mpya ya bolti, ile ya zamani imeshabonyea.