Polisi Marekani wamechukua hela na gari, mdogo wangu hana kesi yoyote. Inawezekana au ni chai?

DagaaMwaloni:

Wakuu habarini. Naomba msaada, hasa kwa mlioko Marekani au mnaojua sheria za kule. Matusi wekeni pembeni, nyumbani nimeshatukanwa vya kutosha.

Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mdogo wangu wa kiume yuko Marekani, anaendesha malori makubwa. Mipango yetu ilikuwa miwili: yeye anunue kichwa cha lori chakavu kwa mtu binafsi aache kumtumikia tajiri, na inayobaki anitumie mimi tuchonge mtumbwi tufunge injini ya Yamaha ya 40. Fundi wa Igombe nimeshampa advansi kwa hela yangu, mbao zimeshapasuliwa.

Mwezi uliopita akapiga simu saa nane za usiku, sauti imemkauka. Anasema alikuwa anatoka Colorado na mwenzake, wakiwa na Camry ya mke wake, anakwenda kulipia hilo lori. Ndani ya begi kulikuwa na dola 16,400 taslimu. Walipovuka kuingia jimbo la jirani, askari akawasimamisha, eti amehama njia bila kuwasha indiketa. Akainamisha kichwa dirishani, akasema nasikia harufu ya bangi. Ni kweli mwenzake alikuwa na kikopo, alinunua dukani kihalali huko Colorado na risiti anayo. Wakashushwa, gari likapekuliwa mpaka chini ya zulia. Mwenzake akapewa karatasi ya kosa la bangi. Mdogo wangu hakushitakiwa kwa lolote, akaambiwa nenda. Lakini hela zimebaki kwao, na Camry imebaki kwao. Wamerudi kwa basi.

Kaka yetu mkubwa kasema mbele ya kikao kwamba huyu kazila hela na hii ni hadithi ya kutunga. Hoja yake ni moja: serikali gani ichukue mali ya mtu na wakati huo huo imwambie huna kosa? Mimi namwamini mdogo wangu, ila hilo swali kwa kweli sina jibu lake. Mwenye kujua aniambie.

MzeeWaNyegezi:

Zimeliwa hizo dada. Tena kaweka na mbwa wa polisi? Maana hizi stori hazikosi mbwa. Binamu yangu aliyeko Dubai naye "aliibiwa" siku tatu kabla ya kutuma ada ya mtoto.

DagaaMwaloni:

Mbwa alikuwepo, Mzee, alikuja baadaye. Sikumtaja kwa sababu nilijua mtacheka.

IgomaOmaha:

Dada Dagaa, mwangaluka. Mimi ni mtoto wa Igoma, sasa niko Omaha, Nebraska, na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo ya mdogo wako. Hadithi yake ni ya kawaida huku. Mpe pole badala ya kumweka kikao.

Mjibu kaka mkubwa hivi: Marekani kuna njia ya kutaifisha mali ambayo haihitaji mtu ashitakiwe, sembuse kutiwa hatiani. Wanaishitaki mali yenyewe. Kuna kesi inaitwa Marekani dhidi ya Dola 124,700. Mlalamikaji ni taifa, mshitakiwa ni noti. Jamaa alisimamishwa kwa mwendo kasi hapa hapa Nebraska, barabara kuu ya 80, akiwa na gari la kukodi. Hela zilikuwa kwenye kibaridi cha kubebea vinywaji. Dawa za kulevya hawakukuta hata chembe, ila mbwa alinusa akaashiria (Mzee wa Nyegezi, umeona?). Maelezo yake yalikuwa kwamba yeye na wenzake walichanga, akaenda Chicago kununua lori la jokofu, akakuta limeshauzwa, ndiyo anarudi nazo. Mahakama ya rufaa mwaka 2006 ikasema hela ziende serikalini. Lori, hela taslimu, mbwa. Sasa mwambie kaka asome hiyo halafu aendelee na kikao.

Kubeba hela taslimu ndani ya nchi si kosa, hata ziwe laki moja. Ile dola 10,000 mnayoisikia ni ya kutoa taarifa ukivuka mpaka wa nchi. Lakini hela nyingi pamoja na bangi ndani ya gari moja, hapo wanaunganisha: hela hizi zimetokana na dawa au zinakwenda kununua dawa. Na hawatakiwi kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye jinai. Kwa sheria ya mwaka 2000 ya serikali kuu (ya taifa zima, si ya jimbo), inatosha mizani ielemee kidogo upande wao. Halafu kuna jambo linaloudhi zaidi: polisi wa jimbo wakiipeleka mali kwa serikali kuu, wanaweza kurudishiwa mpaka asilimia 80 ya kilichopatikana. Mtu anayegawana faida ndiye anayeamua kama begi lako linatia shaka. Majimbo machache yameikataa njia hii kabisa, New Mexico mwaka 2015, Nebraska yetu mwaka uliofuata, Maine mwaka 2021, huko wanataka kwanza mtu atiwe hatiani. Lakini inategemea ulisimamishwa wapi na nani kaichukua kesi.

Kwa hiyo nijibu: je, amepata barua? Imetoka kwa nani? Hilo ndilo la haraka kuliko yote.

WakiliNyamagana:

Niongezee la kwetu, kwa sababu naona watu wanaanza kuchanganya. Hapa Tanzania bangi haina jimbo. Ukitoka nayo Tarime ukakamatwa Lamadi, au ukafika nayo Buzuruga, ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 kote, na kwa kosa la kusafirisha bangi, watu wanafungwa miaka 30, mzigo ukiwa mkubwa ni maisha. Kuhusu gari, kwa kawaida linashikiliwa kama kielelezo, linapigwa jua na mvua uani kituoni mpaka kesi iishe, na kutaifishwa kunakuja baada ya dereva kutiwa hatiani. Mwenye gari ambaye hakuhusika ana nafasi ya kusimama mahakamani aeleze kwamba hakujua.

Nimesimamia mwenye Noah aliyekuwa amemkabidhi kijana kwa hesabu ya kila siku. Kilichomwokoa ni daftari la hesabu lenye saini za kijana na mkataba wa karatasi moja alioandika kwa mkono. Wenye magari mnaokabidhi kwa mdomo tu, mjue hilo. Na siku ya kukamatwa, hati ya ukamataji mali isomwe kabla ya kusainiwa, kila kitu kilichochukuliwa kiandikwe, hata spea taili.

Ya Marekani namwachia Igoma.

DagaaMwaloni:

Asante sana, mmenipa nguvu. Nimempigia muda huu. Barua zimekuja mbili, zote zimetoka idara ya serikali kuu, si kwa polisi waliowasimamisha. Moja ni yake kuhusu hela, nyingine ya wifi, mke wake, kuhusu gari kwa sababu kadi ina jina lake. Kanitumia picha. Kuna sehemu mbili za kuchagua: moja ya kudai, nyingine ya kuomba. Anasema ya kuomba ndiyo rahisi, inaonekana ya kistaarabu, na alishaanza kuijaza. Kuhusu bangi ameandika ukurasa mzima kueleza kwamba yeye huvuta mara chache akiwa mapumziko tu, ili waone ni mkweli.

IgomaOmaha:

Mpigie tena. Asitume huo ukurasa. Hata kama amelala, mwamshe.

Nianze na hizo sehemu mbili, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wengi wanaanguka. Ile ya kuomba ni ombi la huruma. Ukijaza hiyo peke yake, hubishi kwamba mali inataifishwa, unasema tu naomba mnionee huruma mnirudishie, na anayekusomea ni idara ile ile iliyoshika hela. Hakuna hakimu hapo. Ile ya kudai ndiyo inayowalazimisha: unasema kwa kiapo mali hii ni yangu, basi. Wakishaipokea wana siku 90, ama wafungue kesi mahakamani ama warudishe. Hulipi dhamana yoyote kuijaza. Ukishinda mahakamani, serikali inabeba gharama za wakili wako zilizo za haki. Tatizo ni kwamba wakili wa bure hupewi kwenye kesi za namna hii, kwa hiyo kwa dola 16,400 unapiga hesabu kama mfanyabiashara. Ndiyo maana wengi wanaziacha.

Tarehe ya mwisho imechapwa ndani ya barua. Kisheria haiwezi kuwa chini ya siku 35 tangu barua ilipotumwa, na inayohesabika ni siku wanayoipokea wao, si siku unayoiweka posta. Ikipita, imepita. Na hii ya kudai haihitaji insha. Ushahidi (stakabadhi za mshahara, karatasi za benki za kutoa hela, ujumbe wa simu na yule muuza lori) aukusanye sasa hivi auweke tayari. Pia aulizie mapema picha za kamera ya gari la polisi. Muda waliomsubirisha mpaka mbwa aje ni muhimu: Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kwamba askari hawezi kurefusha kusimamishwa kwa kosa la barabarani ili mbwa aje, kama hana sababu ya msingi ya kushuku. Ila hapa wana kisingizio cha harufu, kwa hiyo asiweke matumaini yote hapo. Majimbo yenyewe hayakubaliani kuhusu harufu. Illinois mwaka 2024 mahakama yao ya juu ilisema mwezi Septemba kwamba harufu ya bangi iliyovutwa peke yake haitoshi kupekua gari, halafu Desemba ikasema harufu ya bangi mbichi inatosha. Dereva ufanye nini?

Sasa ukurasa wa bangi. Ana grini kadi au ameshakuwa raia?

DagaaMwaloni:

Grini kadi. Uraia anaomba mwakani.

IgomaOmaha:

Basi ndiyo hivyo. Colorado waliipigia kura mwaka 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 2014, lakini sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 inayokataza bangi haikufuata huko, na uhamiaji ni serikali kuu. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa uhamiaji unasema wazi kwamba mambo ya bangi yanaweza kukukwamisha kwenye uraia hata kama jimbo lako linaruhusu. Yeye anataka kuwaandikia kwa mkono wake mwenyewe na kusaini!

Na leseni yake ya malori. Sisi tunapimwa kwa kanuni za serikali kuu, za kushtukizwa, na bangi imo. Hakuna cha kusema nilivutia Colorado, hakuna cha cheti cha daktari, na kusema nilivuta moshi wa mwenzangu hakukubaliki. Ukifeli jina linaingia kwenye daftari la kitaifa lililoanza Januari 2020, kila mwajiri analiona, na tangu Novemba 2024 jimbo linatakiwa kukushusha leseni kabisa mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini. Kuna dereva alikamatwa Idaho Januari 2019 akiwa na shehena ya hempu (jamii ya bangi isiyolevya) zaidi ya tani tatu, mzigo wa kampuni, karatasi zote anazo, anatoka Oregon kwenda Colorado. Wakasema hii ni bangi, wakazuia mzigo na yeye akalala ndani. Mwenye mzigo anabishana mahakamani, aliyefungwa pingu ni dereva. Huyo mwenzake wa kikopo asipande tena gari lake, awe rafiki wa kuongea kwenye simu.

MzeeWaNyegezi:

Nimenyamaza kwanza nasoma. Na hilo gari la shemeji? Yeye hakuwepo hata safarini.

IgomaOmaha:

Shemeji ana hoja nzuri kuliko mumewe. Sheria inamlinda mwenye mali asiye na hatia: ajaze dai lake mwenyewe, kwenye barua yake, aseme gari ni langu na sikujua. Wasichanganye karatasi moja wakasaini wote.

Ila asitarajie gari kesho. Alabama kulikuwa na mama ambaye mwanawe alisimamishwa mwaka 2019 na gari la mama, wakakuta bangi na bunduki. Gari lilirudi baada ya miezi kama ishirini. Mama akafika mpaka Mahakama ya Juu akidai mtu asikilizwe haraka kwanza, aambiwe kama gari linaweza kubaki kwake wakati kesi inaendelea. Mei 2024 majaji sita kwa watatu wakamkatalia: katiba inataka kesi ya utaifishaji isikilizwe kwa wakati, haitaki kikao kingine cha awali. Kesi ni Culley dhidi ya Marshall, Wakili akitaka aisome. Hata hao sita, wawili waliandika pembeni kwamba mfumo mzima unawatia mashaka.

Gari likiwa la mkopo, shemeji awaambie benki pia, nao wana maslahi na wana mawakili.

WakiliNyamagana:

Nitaisoma. Dada, huyo ndugu yako atafute wakili wa palepale mali ilipokamatiwa, si wa mjini kwake. Na kikao cha familia kisimlazimishe kutuma maelezo ya maandishi WhatsApp ili mumwamini. Maandishi yanatembea.

DagaaMwaloni:

Nimeongea naye. Ukurasa kauchana nikiwa naona kwenye video. Kesho anapiga simu kwa wakili. Wifi naye yuko tayari kujaza ya gari leo leo.

MzeeWaNyegezi:

Swali la mwisho Igoma, usinifikirie vibaya. Na kama shemeji alijua jamaa wa kikopo huwa anapanda na mzigo wake?

IgomaOmaha:

Basi asisaini leo. Ile fomu ni kiapo. Asubiri huyo wakili wa kesho.