Redio wanajuaje nani anawasikiliza?

Mwana Mikindani: Wakuu habari za jioni. Juzi kapita dada mmoja mtaani na tableti anauliza jana ulisikiliza redio gani, saa ngapi, ulikuwa nyumbani au kazini. Akanihoji mimi tu, bi mkubwa akamruka. Sasa kwa watu wachache hivi watajuaje Mtwara nzima inasikiliza nini? Naomba kueleweshwa

Mdau Masasi: Inawezekana kabisa mkuu, ishu ni namna walivyochagua. Mitaa inapatikana kwa bahati nasibu, nyumba hivyo hivyo, na ndani mtu mmoja tu ndo maana mama karukwa. Na wanauliza jana kwa sababu jana unaikumbuka, ukiulizwa mwezi uliopita utataja redio yenye jina hata kama hujaifungua

Binti Nachingwea: Naongezea. BBC walianza kutafiti wasikilizaji tangu 1936, baadae Uingereza na Marekani wakatumia sana daftari, unajaza mwenyewe wiki nzima ulisikiliza nini kila robo saa. Kuna na kakifaa unakavaa kananasa alama iliyofichwa kwenye sauti ya stesheni, sikio halisikii. Ila huku kwetu jamani wangalie msimu!! Ukija mchana Oktoba watu wako mikorosheni na viredio vyao vya betri, nyumbani unakuta wazee na watoto, hesabu lazima ipinde. Ukipiga simu nako unawaacha wasio na simu

Mwana Mikindani: Asante sana dada, hiyo ya korosho nitawaambia wakirudi