Tupeane uzoefu: gemu gani ilikufanya uione siasa kwa jicho jingine?

Wakuu, habari za jioni. Hapa Nairobi tukitaja gemu tunaishia kwenye mpira wa PS, nani kamfunga nani. Leo nataka zile zilizokufanya uitazame serikali, mtaa wako au kesho ya nchi upya. Elezeni kwa kirefu, nasoma zote.

Binti wa Eastleigh: Kwangu ni Papers, Please ya Lucas Pope, ilitoka 2013. Wewe ni afisa wa mpakani wa Arstotzka, nchi ya kubuni. Unalipwa kulingana na idadi ya watu uliowahudumia, na jioni hela hiyo itoe kodi ya nyumba, chakula na dawa za familia. Anapita mume, karatasi zake safi. Nyuma yake mkewe, hana kibali cha kuingia. Muhuri wa kijani au mwekundu? Mimi nilipofuatilia kitambulisho niliulizwa hadi vyeti vya babu, nikawa wa nenda rudi, huku wenzangu wa shule wakipewa chao bila maswali. Hasira zangu zote zilikuwa kwa yule karani. Baada ya gemu hii nilianza kuuliza nani aliandika kanuni anayoifuata, kwa sababu hata karani mpole akikaa kwenye kiti kile ataniuliza yaleyale.

Fundi wa Pipeline: Cities: Skylines, gemu ya kujenga na kuendesha mji, ya 2015. Unapanua barabara, msongamano unahamia makutano ya mbele. Ukiweka mabasi na treni, mji unapumua. Mtu wa Mombasa Road haelezwi hilo mara mbili. Ila kuna kitu kinaniuma. Ukitaka barabara ipite kwenye nyumba za watu unabofya tu, zinatoweka. Hakuna anayelia wala anayekimbilia kortini. Mwaka 2021 nilikuwa Mukuru kwa Njenga nyumba zikibomolewa kupisha barabara, watu wamejitwika mabati na magodoro, watoto wamekalia masufuria kando ya njia. Sasa kila nikicheza najiuliza aliyeitunga ameacha nini nje. Na wanaotuletea ramani za miradi kwenye baraza nawauliza vivyo hivyo.

Mjukuu wa Kibera: Msisahau Minecraft, ile gemu ya kujenga vitu kwa matofali. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wale wa Gigiri, walianza mradi wa Block by Block na Mojang, kampuni iliyoitunga gemu hiyo, 2012, na uwanja wa Silanga hapa kwetu ulikuwa kati ya maeneo ya mwanzo. Wakazi wanajenga mfano wa eneo lao kwenye kompyuta, kisha wanawaonyesha wapangaji wa jiji. Mama ambaye hajawahi kusoma mchoro wa msanifu anaweza kunyoosha kidole na kusema hapa pana giza, wekeni taa.

Mwanzisha mada: Asante dada wa Eastleigh, imenigusa sana. Fundi, ungeitunga wewe ungeweka nini?

Fundi wa Pipeline: Ukibofya kubomoa, gemu isimame mpaka uongee na kila familia. Na fidia ionekane kwenye skrini, kando ya bei ya lami.