Kibodi ya skrini iliyokrakiwa: ni wizi au ni shida tu?

Fundi Kimya: Wakuu tujadili hili. Mtu mikono haifanyi kazi, anaandika kwa kibodi ya kwenye skrini, ile nzuri inayobashiri maneno bei yake haishikiki. Akidaunlodi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipia, kosa liko wapi?

Bi Msumari: Mwizi ni mwizi tu hata akiwa amelala kitandani. Halafu hizo krak sharti la kwanza uzime antivairasi, yaani mgeni anabisha hodi anakwambia funga mbwa kwanza, na wewe unafunga!

Fundi Kimya: "Amelala kitandani"? Huyo ninayemsema ni mdogo wangu, chunga ulimi wako.

Kobe Mjanja: Antivairasi zenyewe waongo, kila krak zinaita trojani, eti virusi vilivyojificha ndani ya programu. Mi natumia miaka na miaka sijaibiwa kitu.

Bi Msumari: Umejuaje hujaibiwa? Virusi vya siku hizi havizimi mashine, vinakomba pasiwedi ulizosevu kwenye brauza vinasepa. Na hii ni KIBODI jamani, kila unachoandika kinapita humo.

Kobe Mjanja: Si ndo maana ya kibodi ya skrini, wanaorekodi vitufe hawakupati, hubonyezi kitu. Hata benki zimewahi kuweka.

Chura wa Kisima: Hapo umepotea kaka. Ile ya Windows ukigusa herufi inaipeleka kwenye mfumo kana kwamba umebonyeza kitufe, anayerekodi anaipata vilevile, na wapo wanaopiga picha skrini nzima. Mnaikumbuka ai.type, ile kibodi ya simu? 2017 data za watu kama milioni 31 zilikutwa kwenye seva haina hata pasiwedi.

Kobe Mjanja: Na hiyo haikuwa krak 😂 sasa mnatutisha nini?

Chura wa Kisima: Kama halali inavuja hivyo, iliyofunguliwa na mtu usiyemjua je? Na ya Windows ni bure, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja.

Fundi Kimya: Vitufe vitatu kwa pamoja, mtu asiyeweza kuinua kidole. Asante sana. Na Bi Msumari bado hajaomba radhi.

Bi Msumari: Siombi, nimesema wizi, sijamtaja mtu. Kuna OptiKey, bure kabisa, anaandika kwa macho.

Fundi Kimya: Naijua. Kile kifaa cha kufuatilia macho nacho nakikraki vipi?