Naomba ushauri: mishkaki na baga za kumlisha mgeni wangu Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kaka yangu anarudi likizo kutoka Texas, Marekani, baada ya miaka 9. Kule amezoea kifua cha ng'ombe kinachookwa kwa moshi wa kuni saa 12 au zaidi, mpaka nyama inaachana kwa kidole. Ananiambia kila akila, anakumbuka mishkaki ya kwetu.

Nataka aipate ile yenyewe. Nyama iliyolala usiku kucha kwenye papai bichi, tangawizi, thomu na ndimu, iwekwe juu ya makaa, mafuta yakidondoka moshi uinuke, kisha mkate wa ufuta wa moto na ukwaju wenye pilipili. Forodhani nitampeleka, lazima, kwa ajili ya bahari na Ngome Kongwe. Lakini juzi nilinunua pale mishkaki mitatu, nje imeungua, ndani baridi. Ilikuwa imeshachomwa zamani ikapashwa tu. Iliniuma sana.

Sasa nyinyi wa Ng'ambo, Michenzani, Kikwajuni, Darajani: nani anachoma mbele ya mteja, baada ya Magharibi? Na baga je? Watoto wake hawali kitu chengine. Natafuta ya nyama iliyosagwa hapo hapo, si ile ya friza inayong'atika kama kadibodi.

Tutakwenda Pemba pia siku mbili. Wa Chake na Wete, nielekezeni. Anafika Ijumaa.